Jirekodi kwanza: mwongozo wa simu na kompyuta kwa mwalimu wa Kiswahili kwa wageni

Msimu wa wageni ukianza hapa Unguja, hazipiti siku mbili sijapigiwa simu na mwalimu mwenzangu: "Mwalimu, nitumie programu gani?" Kapata wanafunzi watatu wa ana kwa ana na mmoja wa mtandaoni aliyeko Ujerumani, na mtu kamwambia kwamba siku hizi bila programu hii na ile hufundishi. Jibu langu halimpendezi. Namwambia asipakue kitu chochote kwa wiki mbili. Simu yake ina kinasa sauti. Ajirekodi akifundisha, kisha akae ajisikilize.

Hatua zilizo hapa chini zinachukua wiki sita hadi nane. Unahitaji simu ya kawaida, bando la kadiri na, mara mojamoja, kompyuta ya kuazima.

Hatua ya 1: Nasa somo moja zima

Chukua somo la siku yoyote, lisiwe lile uliloliandaa kama vile mkaguzi anakuja. Mwombe mwanafunzi ruhusa kabla hamjaanza, na mwambie mambo matatu: unarekodi kwa nini, nani atasikiliza, na utafuta lini. Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na wanafunzi wanaotoka Ulaya hawana mzaha na jambo hili. Ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye swali lako na "ndiyo" yake unatosha kuwa ushahidi. Akikataa, usimbembeleze, rekodi somo la mwingine.

Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo shemeji atapiga katikati ya somo na rekodi itakatika. Ilaze juu ya kanga iliyokunjwa ili isinase vishindo vya meza, na iwe mbali na feni. Sauti peke yake inatosha. Kwa ubora wa kawaida dakika 1 ya sauti inakula kama MB 1, kwa hiyo somo la saa nzima ni MB 60 hivi, na simu yenye nafasi ndogo inazibeba. Video ni nzito, tena mgeni akiona kamera tu anaanza kusema kama anayehojiwa kwenye taarifa ya habari.

Hatua ya 2: Sikiliza, kalamu mkononi

Usiruke hatua hii. Najua inaumiza. Mara ya kwanza kujisikiliza nilizima baada ya dakika tano nikaenda kunywa chai. Nilidhani mimi ni mwalimu anayewapa wanafunzi nafasi, kumbe katika dakika 60 nilizungumza 41. "Sawasawa?" nilizozisema nilizihesabu hadi nikachoka. Kibaya zaidi, maswali yangu nilikuwa nayajibu mwenyewe: "Jana ulikwenda wapi? Ulikwenda sokoni? Ee, ulikwenda sokoni, vizuri sana." Mgeni wa watu hakupata hata upenyo wa kusema "nilikwenda".

Chora karatasi yako safu tatu.

Safu ya kwanza ni ya dakika. Piga alama kila baada ya nusu dakika: nani anazungumza sasa hivi, wewe au yeye? Mwisho jumlisha.

Safu ya pili ni ya ukimya. Ukiuliza swali, hesabu sekunde kabla wewe mwenyewe hujafungua mdomo tena. Mtafiti wa Marekani Mary Budd Rowe alichunguza jambo hili kwenye madarasa ya sayansi, na matokeo yake yalijulikana sana miaka ya 1970. Aliona kuwa walimu wengi husubiri sekunde 1 tu hivi. Waliposubiri 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yalirefuka na waliokuwa kimya wakaanza kusema. Sasa fikiria mgeni wa wiki ya tatu anayetakiwa kutafuta kiambishi cha nafsi, cha wakati, kisha mzizi wa kitenzi, halafu aviunganishe. Sekunde 1 haimtoshi. Kwangu mimi sekunde 5 ndizo zinazofanya kazi, na ili nizivumilie nanyanyua kikombe cha chai.

Safu ya tatu ni ya masahihisho, nayo ndiyo iliyonibadilisha zaidi. Tazama mazungumzo haya:

Mwanafunzi: Kitabu yangu imepotea.
Mwalimu: Loo! Kitabu chako kimepotea?
Mwanafunzi: Ndiyo, imepotea.

Mwalimu anaamini amesahihisha. Mwanafunzi anaamini ameonewa huruma. Mwaka 1997 Roy Lyster na Leila Ranta walichapisha utafiti wao wa madarasa ya Kifaransa huko Kanada, na hicho ndicho walichokiona: njia ya kurudia sentensi ikiwa imenyooshwa ndiyo walimu waliyoitumia kuliko zote, na ndiyo iliyowafanya wanafunzi wachache zaidi wajirekebishe. Jaribu hivi badala yake:

Mwanafunzi: Kitabu yangu imepotea.
Mwalimu: Kitabu…?
Mwanafunzi: Kitabu… cha… changu. Kitabu changu ki… kimepotea.

Mwalimu ametamka neno moja tu. Kazi yote kaifanya anayejifunza, na ndiye aliyelipia ajifunze.

Usikamate kila kosa, lakini. Mtu akikuhadithia ugonjwa wa baba yake, ngeli zingoje. Na mwanafunzi aliyewahi kuishi Nairobi au Goma akisema "kitabu yangu", usimwambie hakuna Mswahili anayesema hivyo. Kaisikia kwa watu wa kweli waliomkaribisha nyumbani kwao. Mweleze tu kuwa kwenye mtihani na kwenye maandishi rasmi atatakiwa aseme "kitabu changu".

Hatua ya 3: Andika ugonjwa mmoja

Baada ya kusikiliza utakuwa na makosa yako kumi. Chagua moja, liandike kwa sentensi moja, libandike pale unapoandalia masomo. "Nazungumza kuliko wanafunzi." "Wanasahau msamiati wa wiki iliyopita." "Wananielewa mimi, lakini sokoni hawaelewi mtu." Sasa ndipo useme habari za programu, maana kila ugonjwa una dawa yake. Msomaji mwenye shida ya msamiati arukie hatua ya 5, mwenye shida ya masikio aende ya 6. Wengi wetu tuna shida ya kwanza.

Hatua ya 4: Mhamishe mwanafunzi kwenye ujumbe wa sauti

WhatsApp unayo, mwanafunzi anayo. Mpe kazi ya dakika 1, mara tatu kwa wiki, nje ya somo. Kazi iwe na mtu na jambo. Usimwambie "zungumzia familia yako" kila siku kama fomu ya uhamiaji. Mwambie: "Umefika dukani kwa Mangi, umenunua mchele, umerudi nyumbani ukakuta una wadudu. Mtumie Mangi ujumbe." Au: "Mwenye nyumba anataka kupandisha kodi. Mjibu, lakini usigombane naye."

Masharti ni mawili. Asisome alichoandika, akisoma utamjua, sauti inanyooka kama ya mtangazaji wa vifo. Na asirekodi zaidi ya mara mbili, ili asigeuze kazi ya dakika 1 kuwa ya saa nzima.

Wewe nawe jibu kwa sauti, usimwandikie. Anza na lile alilosema: mjibu kama Mangi, au kama mwenye nyumba. Kisha taja makosa mawili, si zaidi, na umwombe atume upya sentensi hizo mbili tu. Wanafunzi wanne, jumbe tatu kila mmoja, ni jumbe 12 kwa wiki. Tenga muda maalumu wa kuzijibu, mimi hufanya baada ya swala ya alfajiri watoto hawajaamka, la sivyo zitakufuata hadi kitandani. Waambie pia tangu mwanzo kuwa hujibu usiku.

Usifute jumbe za wiki ya kwanza kama umeruhusiwa kuzihifadhi. Mwanafunzi anayelalamika wiki ya sita kuwa haendelei, mchezeshee ya kwanza.

Hatua ya 5: Kadi za kukumbusha, ziwe sentensi

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio ya kumbukumbu aliyojifanyia mwenyewe. Alionyesha kwamba tunasahau haraka mwanzoni, na kwamba kurudia kwa kuachia nafasi kunashinda kukariri kwa mkupuo. Programu kama Anki zimejengwa juu ya wazo hilo: kadi unayoijua inarudi baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki, kisha baada ya miezi, inayokushinda inarudi leo leo. Anki ni bure kwenye kompyuta na kwenye simu za Android. Kwenye iPhone inalipiwa, kwa hiyo mwambie mwanafunzi mapema asije akadhani umemtega.

Wageni wengi hutengeneza kadi za neno kwa neno: "mlango" upande mmoja, tafsiri upande wa pili. Kwa Kiswahili hiyo ni hasara, maana neno likiwa peke yake halionyeshi linavyowaburuza jamaa zake. Tengeneza kadi yenye pengo:

Viatu vyangu ____ wapi?
Milango yote ____fungwa.
Nimekula maembe ____wili.

Nyuma weka sentensi kamili pamoja na sauti. Kadi 10 mpya kwa siku zinatosha. Akiongeza hadi 30, wiki ya pili atakuta madeni ya kadi 200 na ataiacha programu. Tengeneza 20 za kwanza pamoja naye, zilizobaki atengeneze mwenyewe kutokana na makosa yake ya jumbe za sauti.

Hatua ya 6: Mtoe masikio kwako

Mgeni anayekusikia wewe tu anajifunza Kiswahili cha mwalimu: cha polepole, kila silabi imepigwa pasi. Akifika sokoni Darajani akauliza bei, akajibiwa "elfbili miatano", anakutazama kama umemdanganya.

Nenda na simu yako. Kwa muuza samaki, kwa kondakta, kwa bibi jirani, omba ruhusa na unase nusu dakika. Mwulize kila mmoja swali lile lile, kwa mfano "pilau unaipikaje?" Ukipata sauti sita, za mwanamke, mwanamume, kijana, mzee, mtu wa Pemba na mtu wa bara, una somo zuri ambalo halimo kwenye kitabu chochote. Sikilizisheni mara tatu: ya kwanza bila maandishi, ajibu tu "anapenda pilau ya nini?", ya pili apige kidole kila akisikia kitenzi, ya tatu asome maandishi uliyoyaandika vilevile ilivyosemwa, "elfbili" ibaki "elfbili".

Kwa walioendelea, idhaa za Kiswahili za BBC, DW na RFI zina habari za kila siku, na YouTube inakuruhusu kupunguza mwendo wa video hadi 0.75. Dakika 1 ya habari ni somo zima. Usimpe taarifa ya dakika 15 ukaenda zako.

Hatua ya 7: Mashine za kutafsiri na akili mnemba

Usizikataze. Watazitumia ukiwa umegeuza kisogo. Waonyeshe zinapojikwaa.

Mwanafunzi wangu mmoja alikata tiketi ya boti ya kwenda Dar. Aliambiwa kwa maandishi, "boti inaondoka saa moja asubuhi, uwe umefika mapema". Programu ya kutafsiri ikamgeuzia kwa lugha yake kuwa boti inaondoka kwenye saa saba usiku. Alinipigia saa nne usiku, mizigo imefungwa, anauliza kama bandarini ni salama usiku wa manane. Tangu hapo somo la saa nalifundisha na mashine ikiwa mezani: naipa sentensi kumi zenye "saa mbili", "saa sita mchana", "kwa saa mbili" na "baada ya saa moja", wanafunzi wanasema wapi imeangukia. Wanacheka, na hawasahau tena kwamba saa zetu za mchana huanza kuhesabiwa jua linapochomoza.

Programu za akili mnemba, wengine huziita akili unde, zinaandika Kiswahili kinachopendeza machoni kuliko masikioni. Iombe ikuandikie barua na itaanza: "Natumaini barua pepe hii inakukuta vizuri." Kila neno ni la Kiswahili, lakini hakuna mama wa Kiswahili aliyemzaa mwandishi wa sentensi hiyo. Mtu wetu angeanza na "Habari za siku nyingi? Natumai hujambo na nyumbani hawajambo." Mimi hutumia programu hizi kwa kazi mbili. Ya kwanza, kupata rasimu ya mazoezi, mfano sentensi 20 za ngeli ya U-I, kisha nazihariri moja moja. Sijawahi kupata 20 zote zikiwa safi. Ya pili, kuwapa wanafunzi wa juu barua iliyoandikwa na mashine waisahihishe mpaka isikike kama ya mtu.

Usiingize humo jina la mwanafunzi, matokeo yake wala sauti yake.

Hatua ya 8: Kama unafundisha mtandaoni, tengeneza saa

Afrika Mashariki hatubadilishi saa, wenzetu wanabadilisha. Somo la saa mbili usiku kwetu ni saa saba mchana New York wakati wa kiangazi chao, na ni saa sita mchana wakati wa baridi. Berlin ni saa moja jioni, kisha saa kumi na mbili. Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba, Ulaya hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba. Kati ya tarehe hizo mambo yanavurugika. Niliwahi kuwa na kundi lenye mmoja Chicago na mmoja Hamburg, na Machi ile kila mmoja aliingia kwa saa yake, mimi nikafundisha somo moja mara mbili. Andika mwaliko kwenye kalenda ya simu, itawabadilishia yenyewe, na kwenye ujumbe weka muda kwa tarakimu za saa 24, "20:00 Dar es Salaam", kabla hawajajifunza saa za Kiswahili.

Zoom ya bure hukata mkutano ukifika dakika 40. Panga somo la dakika 35, mapumziko, kisha 35 nyingine kwa linki ileile. Tuma picha na maandishi ya somo saa moja kabla, ili umeme ukikatika muendelee kwa simu ya WhatsApp kila mtu akiwa na karatasi yake mbele.

Hatua ya 9: Tafuta masikio ya wenzako

Walimu watatu wanatosha. Fungueni kundi dogo, na kila Ijumaa mmoja alete dakika 3 za rekodi yake, kwa ruhusa ya mwanafunzi. Wengine wajibu maswali mawili tu: mwanafunzi alifanya nini hapa, na wewe ungejaribu nini? Kundi likianza kutumiana salamu za "Ijumaa njema" zenye mawaridi, fungueni jingine.

Kwa mafunzo yenye cheti, BAKITA (Baraza la Kiswahili la Taifa) kwa upande wa Tanzania Bara na BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) hapa Zanzibar huandaa kozi za walimu wa Kiswahili kwa wageni. CHAUKIDU, chama cha ukuzaji wa Kiswahili duniani, hukutanisha walimu wa ndani na wale walioko vyuo vya nje, na huko ndiko utakakosikia wenzako wanapambana na nini. Mwenye ndoto ya kufundisha Marekani aufuatilie mpango wa Fulbright wa walimu wasaidizi wa lugha. Karatasi zako za safu tatu na rekodi zako zitakupa la kusema wakikuuliza unafundishaje.

Jifunze pia lugha ya viwango. Mwanafunzi wa Ulaya atakuuliza yuko A2 au B1. Hayo ni madaraja ya mfumo wa Baraza la Ulaya uliotoka mwaka 2001, kuanzia A1 hadi C2. Mmarekani atakutajia ya ACTFL, baraza la Marekani la ufundishaji wa lugha za kigeni. Yote mawili yanapima mtu anaweza kufanya nini kwa lugha. Kwa hiyo kwenye ripoti yako usiandike "amemaliza ngeli zote". Andika "anaweza kupatana bei sokoni, anaweza kumweleza daktari anaumwa wapi na tangu lini, bado hawezi kusimulia tukio refu bila kuchanganya nyakati".

Hatua ya 10: Rekodi tena

Wiki ya nane, mwanafunzi yuleyule kama bado yupo, hali ya ndege, kanga iliyokunjwa. Chora safu zako tatu, ulinganishe na karatasi ya mwanzo. Yangu ya pili ilisoma dakika 27 badala ya 41. "Sawasawa?" zilikuwa bado zimo, nikaziandika kuwa ndio ugonjwa unaofuata.